Kumlea mtoto ndani ya dini bila kumnyang'anya dhamiri yake

Wako wazazi wanaosema, "Mimi sitamfundisha dini yoyote, akikua atachagua mwenyewe." Kauli hiyo inasikika kuwa ya haki, lakini sisi tunaofundisha watoto dini na kukaa na wazazi wao tumeona kuwa haileti matokeo yanayotarajiwa. Mtoto asipoambiwa nyumbani habari za kifo, maombi, halali na haramu, ataambiwa na wenzake wa darasani, na jirani, na video za kwenye simu, na hao hawatajali ana umri gani. Tena, kuchagua kunahitaji kukijua kinachochaguliwa. Mtu ambaye hajawahi kukaa karibu na mzazi anayesali kwa unyofu, wala kufunga hata nusu siku, wala kuimba pamoja na waumini, hana cha kukubali wala cha kukataa. Kilichomfikia ni uvumi.

Kwa hiyo kumlea mtoto ndani ya dini si dhuluma. Dhuluma huingia katika namna, na hapo tuna jambo moja la kusema kwa msisitizo: makosa mazito tunayokutana nayo kwa kawaida hufanyika pale mzazi anapovuka mipaka ambayo dini yake yenyewe ilimwekea kwa ajili ya mtoto. Mzazi anadhani anailinda dini. Mara nyingi analinda sura yake mbele ya waumini wenzake.

Tuanze na umri. Katika Uislamu kuna fundisho linalojulikana na kila maalimu, kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Maana yake ni kwamba mtoto bado haandikiwi dhambi. Kuhusu swala, hadithi inayotajwa zaidi inaagiza waamrishwe wakiwa na miaka saba, na ukali utajwe wakifika kumi. Watu hurukia hiyo kumi na kusahau kilicho katikati. Kutoka saba hadi kumi ni miaka mitatu, na kila siku ina swala tano. Hiyo ni zaidi ya mara elfu tano za kuitwa kwa upole, kuonyeshwa namna ya kutawadha, kusimama ubavuni mwa baba au mama, na kupongezwa. Mzazi aliyeitimiza hesabu hiyo kwa ukamilifu ni nadra sana kujikuta anahitaji ukali, na asiyeitimiza hana haki ya kuudai. Hata hapo wanazuoni wa fiqhi waliweka masharti: kisiwe kipigo cha kuumiza, kisiguse uso, wala kisitoke kwenye hasira. Ushauri wetu ni mfupi zaidi. Usimpige kabisa. Mtoto anayepigwa kwa ajili ya swala hujifunza kusali mzazi akiwepo na kuacha mzazi akitoka, na nchi nyingi, Uswidi ikiwa ya kwanza mwaka 1979, zimeshaipiga marufuku adhabu ya kipigo hata nyumbani.

Wakatoliki nao wana mpaka wao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 97, inamhesabu mtoto aliye chini ya miaka saba kuwa hajafikia matumizi ya akili. Kanuni ya 1252 inaanza kudai kujinyima nyama kwa aliyetimiza miaka 14, na kufunga chakula kwa aliyefikia utu uzima, yaani 18. Dhambi ya mauti inahitaji jambo zito, ujuzi kamili na ridhaa kamili. Vitu vitatu ambavyo mtoto wa darasa la pili ni vigumu mno kuwa navyo kwa pamoja. Wabaptisti na Wamenoniti hawabatizi mpaka mtu akiri imani kwa kinywa chake. Wayahudi wanamwajibisha mvulana kwa amri za dini afikapo miaka 13, na msichana 12. Ukiziweka dini hizi mezani pamoja, utaona zinagombana katika mambo mengi na kukubaliana katika hili, kwamba mtoto hadaiwi kama mtu mzima.

Sasa mtazame mzazi anayemwambia mtoto wa miaka mitano, "Ukiongopa utachomwa moto." Ni dini ipi iliyomtuma?

Jehanamu ndiyo silaha inayotumiwa vibaya kuliko zote katika malezi ya dini, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Mtoto wa miaka minne hadi saba hutafsiri maneno kama yalivyo. Ukisema moto, anauona moto wa jikoni na mkono wake ndani yake. Hana bado uwezo wa kuweka pamoja hukumu na rehema, wala wa kujua kwamba "milele" si kesho kutwa. Hofu hiyo haimfanyi awe mkweli. Inamfanya aongope kwa ustadi zaidi, kwa sababu sasa kukiri kosa kuna bei kubwa mno. Dalili za hofu iliyopita kiasi zinajulikana: anaanza tena kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, hataki kulala peke yake, anauliza kila usiku kama ataungua, au anaomba msamaha mara nyingi kwa jambo dogo lililokwisha samehewa asubuhi.

Utaratibu unaofaa ni kuliweka tokeo la kosa karibu na kosa lenyewe. Amevunja kitu cha dada yake, akitengeneze au ampe chake. Ametukana, aende akaombe radhi, na mzazi amsindikize mpaka mlangoni. Sala inakuja baada ya hapo, ya maneno mawili matatu: nimekosea, nisaidie, asante. Hukumu ya mwisho ifundishwe baadaye, kuanzia kama miaka tisa au kumi, wakati mtoto ameanza kuumia moyoni akiona mtu anadhulumiwa. Umri huo hupokea fundisho kwamba mnyonge atapata haki yake, na hulipokea kwa furaha. Na rehema itangulie katika mpangilio wote. Katika Qur'ani, sura 113 kati ya 114 zinafunguliwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Mwalimu anayefungua somo kwa adhabu amegeuza mpangilio wa kitabu anachokifundisha.

Kuna watoto wachache ambao hofu yao haiishi kwa maelezo. Anarudia udhu mara tano kwa sababu labda hakufikisha maji kwenye kiwiko. Anarudia sala tangu mwanzo kwa sababu wazo baya limempitia. Anataka kwenda kuungama tena jioni baada ya kuungama asubuhi. Waislamu wana jina la hali hii tangu zamani, wasiwasi, na mapadre waungamishi nao wanaitambua. Kosa la wazazi ni kumhakikishia kila anapouliza: "Ndiyo mwanangu, udhu wako umetimia," mara ya kumi, mara ya ishirini. Kila hakikisho linampa nafuu ya dakika chache na kumfundisha kwamba bila hakikisho hawezi kutulia. Mjibu mara moja, mwambie swali hili tumeshalijibu, na mkubaliane kwamba udhu ni mara moja na sala ni mara moja, hata akihisi haikukamilika. Sauti ya kiongozi wa dini inasaidia sana hapa: amwambie kwa kinywa chake kwamba haruhusiwi kurudia. Ikiwa hali imeshakula masomo yake au usingizi, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili. Ni ugonjwa unaotibika, na kuuita ucha Mungu ni kumwacha mtoto ateseke.

Mahali pengine ambapo maneno ya dini humjeruhi mtoto bila mtu kukusudia ni msibani. James Fowler, mwanateolojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1981 kuhusu hatua za ukuaji wa imani, alieleza kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi huona ulimwengu kwa kanuni ya malipo: mwema hulipwa mema, mwovu hulipwa mabaya. Kwa mtoto mwenye fikra hiyo, msiba nyumbani ni ushahidi kwamba kuna mtu amekosea, na mtu wa kwanza anayemshuku ni yeye mwenyewe.

Chukua mtoto wa miaka sita aliyefiwa na bibi yake. Watu wazima wanamzunguka na kusema, "Bibi amelala." Usiku huo mtoto anaogopa kulala. Mwingine anasema, "Mungu amemchukua kwa sababu alikuwa mwema sana." Mtoto anaanza kuhesabu nani mwingine ni mwema, anafika kwa mama yake, na kunyamaza. Wa tatu anasema, "Usilie, Mungu hapendi." Hapo amepoteza bibi, na machozi yake nayo yamefanywa kosa.

Mtoto huyo anahitaji kuambiwa mambo matatu, kwa mpangilio huu. La kwanza ni la mwili: "Bibi amekufa. Moyo wake umesimama, hapumui tena, hasikii maumivu, na hatarudi nyumbani." La pili ni la imani: "Sisi tunaamini kwamba yuko kwa Mungu." La tatu ndilo linalosahauliwa mara kwa mara, na ndilo zito kuliko yote: "Wewe hukusababisha. Si kwa sababu ulimjibu vibaya siku ile, wala si kwa sababu hukusali vizuri." Sema hili la tatu hata kama hajauliza. Watoto hawalitaji, wanalibeba.

Kisha swali litakuja, pengine wiki nzima baadaye, wakati mnafunga vifungo vya sare ya shule: "Mama, mimi niliomba sana. Mbona bibi hakupona?" Usiharakishe kuokoa heshima ya Mungu kwa kumlaumu mtoto kwamba hakuomba kwa imani ya kutosha. Jibu la kweli ni fupi: "Sijui, mwanangu. Hata mimi niliomba." Mkae kimya pamoja kidogo. Mtoto aliyewahi kusikia "sijui" kutoka kwa mzazi anayeendelea kusali hujifunza kwamba imani inaweza kubeba swali lisilo na jibu, na atakapokuwa na miaka kumi na sita hatadhani kwamba shaka ya kwanza imeshambomoa.

Lugha ya kila siku ina kazi yake hapa. Tenganisha aina tatu za maneno: yale yanayojulikana kwa watu wote, yale tunayoyaamini sisi, na yale ambayo ni mazoea ya familia yetu tu. Maji huchemka, hilo ni la kwanza. Mungu ni mmoja, Yesu alifufuka, Muhammad ni Mtume. Hayo ni ya pili, nawe unaweza kuyasema kwa moyo wako wote huku ukianza na "sisi tunaamini". Kuvaa nguo fulani siku ya ibada, au kukaa upande fulani, pengine ni la tatu. Mzazi anayeyachanganya matatu haya anajiwekea mtego. Siku kijana atakapogundua kwamba la tatu halina msingi wowote kwenye maandiko, atalitupa la pili pamoja nalo.

Na maswali yajibiwe. "Usiulize mambo hayo" humfundisha mtoto kwamba imani haiwezi kusimama mbele ya swali lake. Uliza kwanza amelisikia wapi, kwa sababu mara nyingi swali kuhusu Mungu lina mtu nyuma yake: rafiki aliyemwambia ataingia motoni, au mwalimu aliyemcheka. Jibu kwa urefu wa swali lenyewe, sentensi mbili kwa mtoto mdogo zinatosha. Kama hujui, sema utauliza, kisha umuulize sheikh, padre au mchungaji mbele ya mtoto kabla wiki haijaisha. Akuone ukiuliza.

Kuhusu dini za wengine, kipimo kizuri ni hiki: maelezo unayompa mwanao kuhusu imani ya jirani, jirani huyo akiyasikia, je, ataitambua imani yake? Kama hataitambua, umemfundisha mwanao uongo. Unaweza kusema wazi ni wapi mnatofautiana na kwa nini unaona njia yako ndiyo ya kweli. Kumwita mtoto mwenziwe kafiri au mpagani ni jambo jingine. Mtoto atalirudia uwanjani kesho, kwa sauti, mbele ya yule anayehusika.

Ibada yenyewe ipimwe kwa mwili wa mtoto. Aliye chini ya miaka mitano hukaa na sala dakika tatu hadi tano. Wa miaka sita hadi nane, kama kumi. Ibada ikiwa ya saa mbili, kubali kutoka naye nje katikati, bila kufinya wala kukaripia, na kurudi akitulia. Kazi ndogo humshika kuliko amri: abebe kitabu, apange viatu, apitishe kikapu cha sadaka.

Kuhifadhi maandiko kunastahili kusemwa kwa kina, kwa sababu ndiko kunakoharibiwa zaidi na sifa za wazazi. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Mtoto anayehifadhi nusu ukurasa kwa siku, bila kukosa hata siku moja, atahitaji zaidi ya miaka mitatu, na hapo hatujaweka siku za ugonjwa, mitihani, wala kurudia. Mzazi anayetaka kurasa mbili kwa siku amekokotoa kwamba mwanawe atamaliza ndani ya mwaka, na hesabu yake ni sahihi kwenye karatasi. Kinachoharibika ni kurudia. Kilichohifadhiwa bila kurudiwa hupotea, na mwenendo wa walimu wazoefu ni kutumia muda mwingi zaidi kwenye la zamani kuliko kwenye jipya. Mtoto anayesukumwa mbele huyapoteza ya nyuma, anapigwa kwa kuyapoteza, anaanza kuuchukia mlango wa madrasa, na watu wanasema ameingiwa na shetani. Kila sehemu anayohifadhi iende na maana yake kwa lugha anayoiongea. Akikariri kitu ambacho hakimwambii lolote, kumbukumbu yake inatumika na moyo wake unabaki nje. Hayo hayo yanawahusu Wakristo wanaowapeleka watoto kwenye mashindano ya kukariri mistari ya Biblia.

Saumu ya mtoto ni mazoezi, na mazoezi yana haki ya kukatizwa. Anza na mpaka saa sita mchana, kisha alasiri, kisha siku moja kamili mwishoni mwa wiki akitaka mwenyewe. Kizunguzungu, kichwa kinachouma sana, usingizi usio wa kawaida, midomo iliyokauka, au kutokojoa kwa muda mrefu ni sababu za kumfungulisha papo hapo, tena kwa pongezi. Mtoto mwenye kisukari au selimundu asijaribu kabla daktari wake hajasema. Usimlinganishe na ndugu yake aliyefunga siku zote. Ndipo watoto wanapoanza kunywa maji kwa siri chooni na kurudi na uso wa mfungaji.

Katika yote hayo, mzazi akikosea anaweza kurekebisha. Kuna mambo ambayo hayarekebishiki, na hapo maadili yanabadilika kabisa. Mwanafalsafa wa Marekani Joel Feinberg alieleza mwaka 1980 kwamba mtoto ana haki zinazohifadhiwa kwa niaba yake mpaka awe mkubwa, na kwamba mzazi anaweza kuzivunja leo kwa kufunga milango ambayo mtoto angeihitaji kesho. Tunalitumia wazo hilo kama kizingiti: jambo likiwa haliwezi kurudishwa, jina la dini halitoshi kuliidhinisha. Ukeketaji wa wasichana uko upande huo, nao hauna amri katika Qur'ani wala Biblia. Ndoa ya msichana mdogo iko upande huo. Kumnyima mtoto matibabu kwa sababu anaombewa kuko upande huo. Maombi na dawa vinaweza kwenda pamoja, na homa ya mtoto mchanga haisubiri mkesha uishe. Kumwondoa shuleni nako kumo, ingawa sheria hazikubaliani: mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani iliwaruhusu wazazi wa Kiamishi, jumuiya ya Kikristo inayojitenga na maisha ya kisasa, kuwatoa watoto wao shule baada ya darasa la nane, na Jaji William Douglas alipinga kwa sehemu kwa sababu moja nzito, kwamba watoto wenyewe walipaswa kuulizwa. Tunaona Douglas alikuwa sahihi.

Tohara ya wavulana haimo kwenye kundi la ukeketaji, lakini haikosi mjadala. Mwaka 2012 mahakama ya Cologne nchini Ujerumani iliamua kwamba tohara ya mtoto kwa sababu ya dini ni kujeruhi mwili. Kabla mwaka huo haujaisha, bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuiruhusu kwa masharti. Mzazi anayeiona kuwa wajibu ahakikishe mambo ambayo hayapingwi na dini yoyote: mtaalamu aliyesomea, vifaa safi, ganzi, na ufuatiliaji wa kidonda. Mvulana aliyefikia umri wa kuelewa aelezwe mapema na kwa ukweli nini kitafanyika. Kumdanganya kwamba mnakwenda kutembea ni usaliti anaoukumbuka kuliko maumivu.

Heshima kwa kiongozi wa dini ina ukomo, na ukomo huo ni mwili wa mtoto. Kabla ya kumwandikisha kwenye darasa lolote la dini, uliza: mlango unakaa wazi? Kuna watu wazima wawili? Nani anamsindikiza mtoto chooni? Adhabu ni zipi? Mzazi anaruhusiwa kuingia bila kutoa taarifa? Mwalimu mwema hakasirishwi na maswali haya, na anayekasirika amekujibu. Mfundishe mtoto majina halisi ya viungo vyake, na kwamba hakuna siri ya kiroho ambayo mama au baba hawapaswi kuijua. Akisema jambo limetokea, mwamini kwanza, mpeleke hospitali, toa taarifa polisi. Kulipeleka kwa wazee wa jumuiya pekee, ili jina la nyumba ya ibada lisichafuke, ndiyo njia ambayo wahalifu wamehamishwa kutoka mahali pamoja hadi pengine na kuendelea.

Sasa kijana amefika miaka kumi na minne au kumi na tano na anasema, "Mimi siamini tena." Wazazi wengi hutetemeka na kutumia sauti, wengine wanatishia kukata ada ya shule. Tunawaomba wasubiri usiku mmoja kabla ya kusema lolote zaidi ya "Asante kwa kuniambia." Kesho yake, uliza kwa utulivu, maana sentensi hiyo inabeba mambo tofauti sana. Huenda ana swali la kiakili ambalo hajapata mtu wa kulijadili naye. Huenda anaamini ila amechoka na ratiba. Huenda ameumizwa na mtu wa dini, na hilo ndilo la kulichunguza mapema kuliko yote. Huenda kweli haamini.

Sheria za kimataifa zimemkuta kijana huyu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 14, unampa mtoto uhuru wa fikra, dhamiri na dini, na unawapa wazazi haki na wajibu wa kumwongoza kwa kadiri uwezo wake unavyokua. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema yanayofanana katika kifungu cha 9. Yaani mwongozo wa mzazi upo, lakini unapungua kadiri mtoto anavyokua. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1921, imeweka namba: mtoto wa miaka 12 habadilishiwi dini bila ridhaa yake, na wa 14 anaamua mwenyewe. Uswisi imeweka 16. Namba zinatofautiana, mwelekeo ni mmoja.

Nyumbani, andikeni makubaliano mafupi. Yapo mambo ya nyumba ambayo kila mtu anayashika: kutuliza sauti wakati wengine wanasali, kutodhihaki, kuhudhuria mazishi na harusi za ukoo. Yapo mambo ya dhamiri ambayo hayalazimishwi: kusema shahada, kupokea komunyo, kwenda kwenye kipaimara, kuongoza sala. Qur'ani inasema hakuna kulazimisha katika dini (2:256), na kanuni ya 748 ya Kanisa Katoliki inakataza kumshurutisha mtu kuipokea imani kinyume cha dhamiri yake. Kijana anayesukumwa kwenye kipaimara huku moyoni anakataa amefundishwa kusema uongo madhabahuni, na aliyemfundisha ni mzazi wake. Huduma zibaki kama zilivyokuwa: chakula, ada, salamu ya asubuhi, nafasi yake kwenye picha ya familia. Akiona upendo umepungua siku aliyosema ukweli, atajua ulikuwa mshahara.

Wanandoa wa dini mbili wana kazi ya ziada, na ni bora ifanyike kabla mtoto hajazaliwa. Jina, ubatizo au akika, tohara, chakula, sikukuu, darasa la dini, na nini kitatokea mkitengana au mmoja akifa: kila kimoja kijibiwe kwa maandishi. "Tutaona mbele ya safari" humaanisha kwamba wataamua wakwe. Mtoto asifanywe hakimu kati ya wazazi wake, kuulizwa dini ipi anaipenda zaidi wakati kila jibu linamuumiza mmoja wao.

Na wakwe, mabibi na mababu wasifanye lolote kwa siri. Mwaka 1858 huko Bologna, iliyokuwa chini ya utawala wa Papa, mtoto wa Kiyahudi aitwaye Edgardo Mortara, mwenye miaka sita, alichukuliwa na askari kutoka kwa wazazi wake kwa sababu mtumishi wa nyumba alikuwa amembatiza kisirisiri alipokuwa mchanga mgonjwa. Wazazi hawakurudishiwa. Alikua akawa padre, akafa mwaka 1940. Leo hakuna askari wanaokuja kwa ajili hiyo, lakini maji ya ubatizo yanayomwagwa bafuni bibi akiachiwa mjukuu, au shahada inayonong'onwa na shangazi, hutenda kazi ile ile ya kuvunja nyumba. Bibi anayetaka mjukuu aingizwe kwenye dini yake alipeleke ombi kwa wazazi wote wawili wakiwa pamoja. Wakikataa, bado anaweza kumwombea kila siku kwa jina lake, na mjukuu akimuuliza, "Bibi, wewe unaamini nini?" amjibu kwa ukweli wote.